Jina Lililokatwa Mwishoni

Nilihamia Kisian, kando ya ziwa, chumba kimoja na jiko, kwa sababu kazi yangu ni ya kompyuta na ningeweza kuifanyia popote. Rafiki niliyesoma naye chuoni Maseno, tuliyeanza naye kazi hiyo, alikuwa amepata ajira ng'ambo. Kuna siku sauti pekee niliyoisikia ilikuwa ya muuza maziwa langoni.

Tulikuwa tumewaandikia wenye ghala la barafu ufuoni programu ya lugha ya C, ya kuchapa vibandiko vya masanduku ya samaki. Asubuhi moja mama mmoja mchuuzi wa samaki akanipigia.

"Fundi, mashine yako inanikata jina."

"Inakata wapi, Mama?"

"Mwishoni. Hapo ndipo kuna jina la mume wangu. Ameshakufa, na sasa karatasi nayo inamtoa?"

Nikamwahidi nitaiangalia. Programu ilitenga nafasi ya urefu mmoja kwa kila kibandiko. Jina refu halikutoshea. Kwenye laptop yangu dawa ilikuwa mstari mmoja tu, asprintf, amri inayotenga kumbukumbu ya kompyuta kulingana na maandishi yenyewe. Lakini kompyuta kuukuu ya ghalani haikuijua. Ikabidi nitunge yangu, ikubalike kwenye mashine zote mbili: ipime maandishi kwanza bila kuyaandika popote, iombe kumbukumbu ya kiasi hicho na baiti moja ya kufungia maandishi, ndipo iyaandike. Iligoma na kugoma, mpaka nikagundua kwamba kule kupima kulikuwa kunazimaliza thamani zilizoingizwa, majina yenyewe, kabla ya kuandikwa. Nikazinakili kabla ya kupima.

Ilipokubali, niligeuka nimwambie rafiki yule, mazoea ya tulipokaa ofisi moja. Kwenye kiti cha pili kulikuwa na nguo zinazongoja pasi. Nikampigia.

"Safi sana, bwana," akasema. "Niko mkutanoni."

Nikakata simu, nikazipiga nguo pasi.

Mchana nilikwenda ufuoni kuiweka kwenye kompyuta ya ghala. Kibandiko kikatoka na jina zima. Mama yule alikisoma polepole, kwa sauti, akafika jina la mwisho, akalirudia.

"Ero kamano," akashukuru kwa Kijaluo. Kisha akanitazama. "Unakaa na nani huko Kisian?"

"Peke yangu."

"Basi keti ule."

Tulikula ugali na samaki wa mbuta nyuma ya ghala. Akaitwa kwenye lori, akaondoka na masanduku yake. Nilimalizia chakula nikitazama magugu yaliyofunika maji, sikuwa na haraka ya kurudi.