Uji wa Mgonjwa Asiyekuwepo

Jamani, leo nimeletewa uji wa mgonjwa, na mimi ni mzima!

Ile programu ya bure ya kuigiza mtiririko wa damu, ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha, hatimaye imekubali kufanya kazi.
Damu ikatembea kwenye kompyuta!

Shinyanga nzima sina wa kumwonyesha.
Nikamwita mama mwenye nyumba, Mama Kulwa.

Akakodolea macho pale kwenye skrini mshipa ulipobanwa.
"Damu ya nani hii?"
"Si ya mtu, mama."
Akatoka.

Karudi na bakuli la uji.
"Mpelekee. Mgonjwa hafichwi, mwanangu."



Nimeunywa peke yangu, mbele ya damu isiyo na mwenyewe.

Jibuni barua pepe hii, hata mstari mmoja tu.