Wanywaji wa malwa wa Tororo walivyoniokoa nisitolewe PCM

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu niaje.

Hii imenitokea mimi mwenyewe. Nikiongeza chumvi, baba mdogo wangu yupo humu jukwaani na ataniumbua mbele yenu. Kiswahili changu ni cha mpakani, nivumilieni.

Iko hivi. Niko Senior Six, yaani form six, nasoma PCM. Kwa wasiojua mambo ya Uganda, hiyo ni Physics, Chemistry na Maths, na juu yake wanaongeza vingine usije ukapata nafasi ya kupumua.

Kwetu ni Busia, mama anauza mitumba sokoni. Nilipoingia Senior Five alinileta Tororo nikae kwa baba mdogo, maana nyumbani malori ya mpakani yanapiga honi kutwa. Akaona huku nitatulia.

Nikatulia kweli. Nilitulia kwenye kuchora timetable.

Wakuu, kwa timetable hamniwezi. Nilikuwa na ya asubuhi, ya jioni, ya wikendi, na ya dharura hizo zingine zikigoma. Physics nyekundu, Chemistry kijani, Maths bluu. Nikimaliza kupaka rangi nimechoka, nalala. Kesho yake naiona imepitwa na wakati, nachora nyingine.

Basi matokeo yakatoka. Siyataji hapa, kuna watoto wanasoma.

Director of studies, mwalimu wa taaluma, akaniita. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba mtihani ujao nikiburuta mkia tena, ananitoa PCM ananihamishia Arts.

Arts si mbaya jamani, msinishukie. Ila mimi engineering ndiyo roho yangu, na mama ameshatangaza soko zima kwamba mtoto wake ni engineer. Kuna wateja walishaanza kumwuliza nitawajengea lini. Nililia njia nzima, siwafichi.

Sasa kwa baba mdogo kuna kikundi cha malwa. Malwa ni pombe ya wimbi. Watu wanakaa duara, chungu kimoja katikati, kila mtu na mrija wake mrefu.

Mtu akipita anasema hao ni walevi tu. Bana, kile kikundi kina nidhamu kuliko shule yetu! Mwenyekiti yupo, ndiye baba mdogo. Katibu yupo, mshika saa yupo. Ukifika unamsalimia mwenyekiti kwanza. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto. Ukitaka kutoka unaomba ruhusa. Ukichelewa hunywi mpaka ukachote maji ya moto ya kuongeza chunguni, huku wenzako wanakusema. Usipotokea kabisa, wanatuma mtu kwako kuuliza kama umekufa.

Siku hiyo nikaingia na macho mekundu, wazee wakaacha kuvuta. Nikaeleza yote, nikaleta na timetable kama ushahidi. Baba mdogo akaigeuza huku na huku, akazisifia rangi, kisha akauliza:

"Na saa ya Physics ikifika na wewe hujafika, nani anakuuliza?"

Nikasema hakuna.

"Basi hiyo ni picha. Itundike ukutani."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapuliza ndani ya mrija, chungu kikatoa mapovu. Hilo ni kosa kubwa, akatumwa maji hapo hapo.

Mimi sikucheka. Lile swali liliniingia.

Wiki iliyofuata nikawakusanya wenzangu wa PCM kwenye karakana ya zamani nyuma ya shule, kila siku baada ya masomo. Katiba tuliiba nzima nzima kwa wazee. Mwenyekiti tukamchagua Akello, binti asiyeogopa mtu. Ukichelewa unasimama ubaoni unafanya swali la Physics tukikusema. Usipokuja tunakufuata. Mwenzetu Okoth tulimkuta kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Akaja hivyo hivyo, akakaa.

Kosa langu ni moja. Niliichukua katiba kwa moyo wote.

Nikaleta chungu.

Na mirija. Ndani ni uji wa wimbi tu, wakuu, naapa. Niliona bila chungu watu hawatakaa, na kweli walikaa.

Sasa wewe jiweke kwenye viatu vya deputy wetu, makamu mkuu wa shule. Unapita zako, unachungulia dirishani, unaona wanafunzi kwenye duara, chungu katikati, mirija midomoni, na mmoja anasema mwenyekiti naomba ruhusa nikajisaidie.

Aliingia na mlango!

Mtihani ulikuwa keshokutwa. Nikajua hapa siendi Arts wala wapi, narudi Busia kukunja mitumba.

Deputy akaunyakua mrija wangu kwa mkono wa kushoto, akavuta. Akavuta tena. Akatazama ubao umejaa projectile, yale maswali ya vitu vinavyorushwa hewani.

Akello akasema kwa heshima zote:

"Mwalimu, umechelewa, na hujamsalimia mwenyekiti."

Nikafumba macho.

Kumbe deputy naye jioni zake ana chungu chake mahali. Mwili ulijibu kabla ya kichwa. Akauhamisha mrija mkono wa kulia, akasema samahani mwenyekiti, akauliza adhabu ni nini.

Akapewa swali la Physics. Yeye anafundisha History.

Alisimama pale na chaki mpaka nikamwonea huruma. Mwishowe akachora mpira hewani, akasema huu utaanguka. Tukampa nusu mark.

Uamuzi wake ukawa hivi: chungu kitoke, uji uingie vikombeni, kikundi kibaki. Akaondoka kwa ruhusa ya mwenyekiti.

Mtihani nikafanya. Alama si za kuringia, lakini hakuna somo nililofeli, na director akasema bakia PCM. Nikampigia mama sokoni. Nikamsikia anamwambia mteja, hiyo blauzi chukua tu, nenda nayo.

Nilichojifunza, wakuu: nilidhani mimi ni mvivu, kumbe nilikuwa peke yangu. Timetable ukiikimbia haikutafuti. Watu wanakutafuta.

Haya, nyie mlitoboaje A-level au form six yenu? Mwageni mbinu.

Na kama kuna mdogo wangu anasoma uzi huu na hana wa kumwuliza, andika hapo chini unasoma nini na unaanza saa ngapi. Kesho saa hiyo nitakuuliza.