Jumapili ya Kumwaga Chupa

Jumapili ambayo shemeji yangu aliacha pombe, kanisa dogo la mabati pale Mwihoko lilipiga makofi mpaka ukuta ukatetemeka. Alitembea hadi langoni akiwa na chupa yake ya mwisho, akaimwaga kwenye vumbi mbele ya watu wote, kama ilivyo desturi ya ushirika ule. Kina mama wakamzunguka kwa wimbo. Nilikuwa nimetoka Ngoingwa asubuhi hiyo kwa sababu dada yangu alinipigia simu akasema, "Kaka, kuja uone kabla abadilishe nia."

Hakubadilisha nia. Hilo ndilo lililokaribia kumuua.

Shemeji alitoka Magharibi ya Kenya akiwa kijana, akaajiriwa katika kiwanda cha nguo Thika, kwenye mashine za kufuma. Hakuwa mlevi wa kulala mtaroni. Alikuwa mlevi wa kufika kazini. Aliamka, akameza kidogo ili mikono itulie, akatia nyingine kwenye chupa ya chai, akaenda zamu. Aliishi hivyo kwa miaka mingi. Majirani wengi hawakujua kabisa, na walipojua waliona si hoja, kwa kuwa kodi ilikuwa inalipwa.

Desturi ya ushirika haikuishia langoni. Mtu akimwaga chupa, kina mama walipokezana kukaa naye nyumbani, wakiimba na kuomba, ili asitoroke kwenda kutafuta nyingine. Naye alifunga: maji tu, bila chakula. Walisema pepo wa pombe hukaa tumboni, na tumbo likiwa tupu huhama mwenyewe. Mtu akianza kutetemeka na kutoa jasho, walifurahi. Waliita hali hiyo kutikisa mti: matunda mabovu yalikuwa yanaanguka.

Jumatatu mchana nilipita na mkate na maziwa. Shemeji alikuwa ameketi kitandani, shati limelowa, kikombe cha maji kikigongana na meno yake. Mwenyekiti wa kina mama, mama mnene mwenye sauti ya sokoni, alinizuia mlangoni.

"Hiyo mkate rudisha kwa mfuko, baba. Ama kula wewe, kwani huna pepo." Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Ama unaye?"

Wenzake walicheka. Shemeji pia alijaribu kucheka. "Shem, hawa wamama wamenifungia kama kuku wa Krismasi," alisema. "Lakini nimesema sirudi nyuma."

Jioni hiyo dada alinipigia. Mumewe alikuwa ameanguka kati ya kitanda na meza, mwili ukakakamaa kama ubao, povu likamtoka. Baada ya muda alizinduka akalala. Kina mama walimwambia dada asiogope, pepo alimwangusha njiani akitoka.

"Na wewe unaonaje?" nilimuuliza.

"Mimi naona ameanguka," alisema.

Jumatano nilipofika, wimbo ulisikika kutoka barabarani. Ndani, joto la mwili wa shemeji lilikuwa limejaa chumba kizima. Macho yalikuwa wazi, makubwa, yakifuata kitu ukutani. "Fagia hao siafu," alikuwa anasema. "Fagia, wataingia kwa uzi." Dada alikuwa amefagia ukuta mtupu mara kadhaa ili kumtuliza. Nilimsalimu. Aliniita kwa cheo cha msimamizi wake wa kiwandani na kuniomba radhi kwa kuchelewa.

Kisha mikono yake ikaanza kazi. Aliinua vidole viwili hewani, akashika kitu ambacho sisi hatukukiona, akakipitisha juu, akakizungusha, akavuta. Akasogea kidogo, akaanza tena. Kina mama wakaongeza makofi.

"Mnaona?" mwenyekiti alisema. "Anafungua kamba za shetani."

Dada yangu alikuwa amesimama na ufagio. Alitazama vile vidole kwa muda mrefu.

"Hafungui," alisema. "Anafunga."

"Anafunga nini?"

"Uzi. Uzi ukikatika kwa mashine wanaunganisha hivyo. Hata uzi wa sweta ya mtoto ulipokatika, alinifungia hivyo hivyo." Akaweka ufagio chini. "Yeye anajua ako kazini. Sasa niambie, mama, ni pepo gani anajua kazi ya kiwanda?"

Wimbo ulififia. Mwenyekiti alimshika mkono kwa upole. "Mwanangu, ukimtoa saa hii, yule pepo atarudi na wenzake saba."

"Warudi," dada alisema. "Nitawapikia."

Mwenye ploti, yule aliyewapangisha nyumba, alitoa gari lake. Nilimshika shemeji mabega, dada akashika kiuno, na bila kuombwa mwenyekiti akaingia nyuma akashika miguu. Aliomba njia nzima, na kila alipopigwa teke alisema, "Pole, baba, tumekaribia."

Hospitalini tulipokewa na daktari mwanamke, kijana, mwenye sura ya mtu asiyelala vizuri. Aliuliza kama mgonjwa anakunywa.

"Aliacha," dada alisema, na hata wakati huo nilisikia fahari katika sauti yake.

"Lini?"

"Jumapili."

Daktari aliacha kuandika. "Nani alimwambia aache ghafla?"

"Mungu," mwenyekiti akasema.

"Sawa. Na chakula?"

"Amekuwa akifunga."

Daktari akaita muuguzi kwa sauti ambayo sikuipenda. Wakamchoma sindano ya kumtuliza, wakamtundikia dripu, wakamtilia vitamini ambayo, daktari alisema, pombe huimaliza mwilini na njaa humalizia iliyobaki. Vidole vya shemeji viliendelea kufunga uzi.

"Kwa hivyo pombe ndiyo dawa yake?" mwenyekiti aliuliza.

"Hapana, mama. Umewahi kuvutana na ng'ombe kwa kamba? Ubongo wake umevutana na pombe miaka yote. Kamba ikikatika ghafla, anayeanguka ni yule aliyekuwa anavuta. Angekuja hapa kwanza, tungeilegeza polepole." Akamwangalia mgonjwa. "Wengine huamka. Wengine hawaamki. Tungojee."

Tulingoja. Mimi hungoja kwa kusoma, na niliyosoma kwenye simu katika benchi lile, na baadaye nyumbani, hayakunituliza. Madaktari wa Ulaya walipoona wanywaji wakitetemeka na kupiga kelele, kwanza walidhani ni homa ya ubongo, wakawatoa damu. Wengi waliotolewa damu walikufa. Baadaye daktari mmoja akatambua kuwa huu ni ugonjwa wa peke yake, akawalaza kwa afyuni; wengine walilala wakapona, wengine hawakuamka. Kuna waliofungwa kamba katika vyumba vya giza. Kuna waliopewa pombe tena. Na kwa zaidi ya karne moja walibishana kama ugonjwa huu unatokana na kunywa sana au kuacha ghafla, ingawa baadhi yao walikuwa wamekwisha kuona kwamba unawapata watu walioacha. Katikati ya karne iliyopita ndipo ilipothibitishwa, kwa watu waliokubali kunyweshwa kwa wiki nyingi kisha wakanyimwa ghafla. Dawa za kutuliza kama ile aliyochomwa shemeji zilikuja baada ya hapo.

Niliposoma kwamba mgonjwa huonekana akifanya kazi yake ya kila siku, dereva akishika usukani usiokuwepo, mshonaji akishona hewa, nilimpa dada simu asome. Alisoma, akanirudishia, akaendelea kutazama ile mikono. Alhamisi ilikuwa bado inafanya kazi.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana mikono ilitulia. Kwa kitambo tulidhani amekufa. Kisha akafungua macho, akamwona mkewe, akauliza kwa sauti kavu, "Zamu imeisha?"

"Imeisha," dada alisema.

"Nani amezima mashine?"

Dada alimpa uji.

Shemeji alirudi kanisani alipopata nguvu ya kusimama. Kabla hajaitwa kutoa ushuhuda, mwenyekiti alieleza jinsi ushirika ulivyotikisa mti mpaka pepo akatoka, na watu wakashangilia. Hospitali hakuitaja. Makofi yakiwa bado juu, fundi wa viatu anayekaa kando ya lango alisimama kutoka nyuma. Kila mtu alimjua. Hakuna aliyewahi kumwona bila chupa. Sasa alikuwa ameishika, akitembea kuelekea nje, na kina mama walikuwa wameanza wimbo.

Shemeji, aliyekuwa akingoja zamu yake ya ushuhuda, aliondoka madhabahuni, akapita katikati ya viti akishika kila kimoja, akamfikia langoni. Alimshika kifundo cha mkono.

"Usimwage bado."

Wimbo ulikatika.

"We!" mwenyekiti alisema. "Unamzuia mtu kuokoka?"

"Aokoke. Lakini twende naye hospitali kwanza, akiwa na hiyo chupa, asiache ghafla kama mimi." Akamgeukia fundi. "Umekunywa leo?"

"Kidogo tu. Ya kutuliza mikono."

Dada yangu alikuwa ameshainuka na kuchukua mkoba wake. Mwenyekiti alimtazama, akatazama watu waliokuwa wanangoja makofi yaendelee. Fundi naye alitazama kanisa, kisha lango, na ile chupa ikaanza kuinama kuelekea vumbini.