Othieno wa stoo, na majina niliyosoma Merikit

Kichwa changu bado kinakataa. Jumanne asubuhi Othieno alinipigia kuuliza kama mashine yangu imeacha kelele. Saa sita simu yake ikalia tena, ni mke wake: ameanguka stoo, ametuacha.

Kwa msiomjua: ni Othieno wa Malaba, aliyetutunzia spea. Sisi wenye mashine za kusaga mahindi, watu kumi na moja, kuanzia Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, mpaka Tororo, tuliweka spea zetu kwake.

Wazo lilikuwa lake. "Dada Nafula, kila mtu anaficha beringi chini ya kitanda, inakula kutu. Ya nini? Leta hapa. Nyinyi wote hamuwezi haribikiwa siku moja!"

Sheria moja tu. Ukichukua spea, unaacha ile mbovu, na ndani ya mwezi unaleta nyingine ya saizi hiyo hiyo.

Mimi nilianza kwa kuuza mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, sikusomea mashine. Kabla ya stoo hiyo, beringi moja ilinisimamisha siku sita nikingoja mzigo wa Nairobi, mahindi ya wateja yakaota ukungu. Baada yake, breakdown yangu ndefu kabisa, mashine kusimama, ilikuwa masaa mawili na nusu. Pigeni hesabu wenyewe.

Na zile mbovu hakutupa. Aliziosha kwa mafuta ya taa, akazizungusha karibu na sikio, macho amefumba. "Hii iko mzima. Imekosa grisi tu, kama wewe ukikosa chai." Nikamwambia aache upuzi. Beringi hiyo inanisagia mpaka leo.

Sasa tuje Jumamosi, maana nimeona mnayoandika kwenye group yetu. Eti Nafula aliharibu mazishi.

Watu saba walishika maiki pale Merikit, kwao alikozikwa, wote wimbo mmoja: marehemu alikuwa mkarimu. Barasa wa Bulumbi, mwenzetu wa mashine, alilia kabisa. Akarudi kuketi kando yangu, akaninong'oneza: "Dada, kuna mkanda mpya bado kule stoo? Niupitie nikirudi?"

"Barasa! Jeneza liko hapo mbele."

"Nauliza tu, kabla wengine hawajabeba."

Barasa huyo ana mikanda miwili ya stoo tangu mvua zianze!

Asubuhi ile kaka ya Othieno alikuwa ameshaniambia: "Stoo gani hii? Rafu tupu na vyuma kuukuu. Mnunuzi wa skrepa anakuja, atapima kwa kilo." Kadi alizoandika Othieno, nani amechukua nini, zinasema spea thelathini na nne. Kwenye rafu kuna tisa. Ishirini na tano ziko kwetu sisi tunaolia.

Mjane wake akaniwekea zile kadi mapajani. "Soma, dada. Mimi ndiye nilikuwa nasikia akiwabembeleza kwa simu."

Nikashika maiki, nikasoma. Jina, spea, mwezi. Nikaanza na langu: Nafula, beringi mbili, Februari.

Wawili walienda kwenye magari yao wakarudi na spea mkononi, mmoja mmoja. Wengine walinuna. "Hapa si mahali pake." Mahali pake ni wapi? Kwenye group, ambako mnasoma mnanyamaza?

Kaka amekubali kungoja mpaka Ijumaa. Kufikia leo zimerudi sita. Bado kumi na tisa. Zikirudi, stoo inabaki, na mjane amesema ataishika yeye. Zisiporudi, kazi yote ya Othieno inaenda kuyeyushwa, halafu mashine yako ikisimama usinipigie.

Othieno, zangu mbili nilizipeleka Jumapili. Nilichelewa, sina cha kujitetea. Mke wako alizipokea, akazizungusha kidogo, akaandika kadi kwa mwandiko wake.

Pumzika, ndugu yangu, ulale vizuri. Hizi kumi na tisa niachie mimi.