Kiwanja cha Wahindi Hapa Ibra

Maji ya wadi, bonde kavu linalofurika ghafla mvua ikinyesha milimani, yalimchukua golikipa wa timu ya Wahindi mbele ya macho yangu, baada ya kunirusha mimi ukingoni. Mpaka leo, nikisikia harufu ya mafuta ya nazi kichwani mwa mtu, namuona.

Alikuwa fundi cherehani. Timu yao waliipa jina la klabu ya kwao Goa, mabingwa wa India, na alinihadithia makombe yake huku akishona. "Klabu yetu ikicheza, hata bwana harusi anasubiri!" Hapa Ibra, Omani, nao hawakufungika. Walicheza juu, kando ya mitende, mpaka ami yangu, mdogo wake baba, alipokitaka kile kiwanja ajenge maduka.

"Nendeni mkacheze wadini," akawaambia.

Baba akamuuliza, "Na wadi ikishuka?"

"Mbingu nyeupe hii! Umekuwa mama yao?"

Wakashuka. Siku moja wanacheza wadini, nami nipo, mvua ikanyesha milimani, kwetu jua linawaka.

Sikusoma, lakini najua maji hupita wapi, na ami alijua. Msibani alisema kadari. Ami, Mungu hakukutuma ujenge maduka. Ungali hai, nijibu: nani alimshusha mtu yule wadini?