Kaburi, Jiwe na Kilima

Nakumbuka alasiri ile vizuri, mjukuu wangu, kwa sababu picha yake ndiyo uliyoisifu jana hapa ukutani. "Shosho, hiyo ni moto!" ukasema. Leo nitakueleza kwa nini sikukushukuru.

Nilikuwa na miaka ishirini, nikijifunza kazi kwa Baba Karanja, aliyekuwa na studio ndogo hapa Kitengela enzi za filamu. Na nilikuwa na kiburi, wacha tu! Nilikuwa nimejua kufungua tundu la lenzi lote, uso utoke safi na vitu vya nyuma vififie kabisa. Basi kila mtu nilimpiga hivyo, awe bibi harusi, awe fundi wa baiskeli.

Asubuhi hiyo akaja mama mzee wa Kimaasai tuliyemwita Kokoo, yaani nyanya. Mumewe alikuwa amezikwa kwenye shamba lao, na shemeji yake, ndugu wa marehemu, alikuwa analitaka shamba. Alikuwa amekodi trekta alime mpaka kaburini na kung'oa jiwe la mpaka. Kesho yake kesi ingesikizwa na wazee kule Kajiado.

"Nataka kaburi lionekane, na jiwe lionekane," Kokoo akasema. "Wakiling'oa, picha ibaki."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Lakini tulipofika shambani, nilimwona ameinama kaburini, shuka lake likipepea, nikasahau jiwe. Haki, nililisahau! Nikafungua lenzi yote, nikamaliza filamu, nikarudi nikiringa.

Baba Karanja akaiosha saa hiyo hiyo. Akaishika picha ikiwa bado mbichi, akaitazama muda mrefu.

"Jiwe liko wapi?"

Nikamwonyesha doa jeupe.

"Na kilima?"

Kilima kinachotambulisha shamba lile kilikuwa ukungu mtupu. Hapo pangeweza kuwa Mashuuru au popote pale.

"Huyu mama alikutuma useme jambo," akaniambia, "wewe ukamwimbia wimbo." Akaivua kamera yake shingoni. "Imebaki picha moja. Kimbia."

Nikachukua baiskeli, na nilianza kusikia trekta kabla sijafika. Mwanangu, nilikanyaga pedali kwa hofu! Mawingu yalikuwa yamefunika jua. Nikafunga tundu la lenzi likawa dogo sana, ili la karibu na la mbali yote yatoke wazi. Lakini tundu dogo huingiza mwanga kidogo, lazima kamera ikae wazi muda mrefu kidogo, na mkono ukitikisika, kwisha. Nikaiegemeza juu ya nguzo ya ua. Shemeji mtu akaniona, akaja mbio.

"Wewe msichana! Nani amekuruhusu?"

Kokoo akasimama katikati yetu. "Wewe piga," akaniambia bila kugeuka.

Nikazuia pumzi, nikapiga.

Kulipokucha, jiwe halikuwepo. Kule Kajiado, mwenyekiti wa wazee aliisogeza picha karibu na macho, akaweka kidole: kaburi, jiwe, kilima nyuma yake, na pua ya trekta pembeni. Akamgeuzia shemeji picha aione. Shamba likabaki la Kokoo.

Kwa furaha nikampa Kokoo ile picha ya kwanza, ile nzuri, iwe zawadi. Akaitazama, akanirudishia.

"Hii si yangu," akasema. "Hii ulijipigia mwenyewe."

Nililia njia nzima kutoka Kajiado. Nikaitundika hapo, na wateja wamekuwa wakiisifu tangu nikiwa msichana.

Sasa sikia, mwanangu. Uko na kamera inayojua mambo mengi kuliko Baba Karanja na mimi tukiunganishwa. Ijue mpaka vidole vyako vifanye kazi hata ukiwa na hofu, maana siku ya hofu hakuna nafasi ya kujifunza. Lakini kabla hujaigusa lenzi, muulize aliye mbele yako anataka kusema nini, kisha useme hicho. Ukifuta kitu nyuma yake, hakikisha si kitu anachokihitaji kuliko uso wake.

Kesho unaenda kumpigia mtu picha peke yako mara ya kwanza. Mungu akutangulie, auimarishe mkono wako, na kila utakayempiga aipokee picha yake na kusema ni yake.

Ila hiyo ya ukutani, tafadhali, usiisifu tena mbele yangu.