Dhapu na Mzigo wa Majani

Mke wangu aliitwa Dhapu. Kwetu jangwani jina hilo hupewa mtoto wa kike wazazi wakishachoka wasichana. Maana yake: tumeshiba. Hakulinunia. Kisimani aliwaambia wenzake, "Nyie mlioitwa Dhahabu, mbona mnateka maji na mimi?"

Alizeeka nyumbani mwangu, na kaka yangu mkubwa, Hemaram, hakuwahi kuuona uso wake wala kusikia sauti yake. Ndiyo ada. Mwanamke hufunika uso na kufunga mdomo mbele ya wakubwa wa mumewe. Akitaka kitu, hutikisa bangili.

Siku aliyoanguka alikuwa na Kesar, mke wa mwanangu. Walikuwa wanapanda kilima cha mchanga, kila mmoja na mzigo wa majani ya nyati wetu wa maziwa kichwani. Dhapu akaanguka kama nguo iliyokatikiwa na kamba. Kesar akapiga kelele, Hemaram akaja mbio ameshika kiatu, maana kwetu aliyezimia hunusishwa kiatu. Kilipofika Dhapu alishafumbua macho, alishauliza nani amemfunga nyati.

"Mmeona kiatu changu?" Hemaram akasema. Watu wakacheka. Hata Dhapu alicheka ndani ya shela.

Tukampeleka zahanati kwa trela. Mimi nikatumwa dukani kununua chupa ya dripu. Yaliyosemwa ndani nilisimuliwa na Kesar baadaye, ada ikishavunjika, nilipokuwa sina la kufanya nayo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alisikiliza kifua, akakunja uso, akasikiliza tena. "Mama, ulikuwa unafanya nini ulipoanguka?"

Hemaram amesimama pale pale.

"Amefunga," Hemaram akajibu. "Leo ni siku ya mungu. Tangu alfajiri hajanywa hata maji."

"Namuuliza yeye, mzee."

"Yeye hasemi mbele yangu."

"Basi wewe binti, uliona?"

"Na huyo pia hasemi. Niulize mimi."

"Kwani wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo kijijini."

Daktari akasema polepole, kama anayemwambia mtoto: "Mzee, nisikilize. Kama aliinuka ghafla na njaa yake akaona kizunguzungu, dripu inamtosha. Kama alianguka katikati ya kazi nzito, ni moyo, na aende mjini leo hii. Toka nje kidogo niwaulize wenyewe."

"Nitoke? Niwaache wanawake wa nyumba yangu peke yao? Binti, hapa hujaolewa, hapa umeajiriwa." Kisha akajibu swali. "Alikuwa ameketi. Akainuka. Basi."

Kesar alitikisa bangili. Akatikisa tena. Dhapu naye akatikisa, mkono ule usio na sindano.

"Wanataka maji hao," Hemaram akasema.

Daktari akaandika. Dhapu akapewa dripu, akarudishwa nyumbani. Asubuhi chache baadaye alipanda kilima kile kile na mzigo, hakushuka.

Siku ya karamu ya matanga wanaume walijaa uani. Hemaram alikuwa anasimulia. "Mwanamke mchaji. Mfungo ndio uliomchukua. Kifo cha namna hiyo hupewa wachache."

Kesar alikuwa anapita na birika. Akaliweka chini.

"Alikuwa amebeba majani," akasema.

Wengine hawakuwahi kujua kwamba ana sauti nzito namna ile.

Hemaram akanigeukia mimi. "Mkweo amekosa haya. Mnyamazishe."

"Sema, mwanangu," nikamwambia.

Akasema yote: kilima, mzigo, uso uliogeuka majivu, jinsi alivyozinduka mara moja akimuulizia nyati, na kwamba haikuwa mara ya kwanza. Alisema vizuri, kwa mpangilio, kama aliyekuwa amejiandaa siku nyingi. Wanaume walitazama vikombe vyao.

Waliomsikia walikuwa wengi sana. Mtu mmoja tu ndiye aliyehitaji kuyasikia maneno yale, na zahanati siku hiyo ilikuwa wazi, naye daktari alikuwa huko akiuliza wengine.